Saa Kiganjani mwa Susi

Fundi aliitoa saa kwenye kopo la maziwa ya unga, akaifuta kwa pindo la shati, akaniwekea mkononi kwa uangalifu wa mtu anayekupokeza kifaranga. Ilikuwa saa ya mfukoni ya zamani, fedha yake imefifia, kioo kina mkwaruzo mmoja mrefu kutoka kwenye sita hadi kwenye moja. Haikuwa na kile kifundo cha pembeni cha kusokota. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta tundu dogo la mraba.

"Hii ni ya ufunguo, kaka," akasema. "Kunja vidole kidogo. Usiibane. Iache ilale."

Akachomeka ufunguo mdogo, mfupi kuliko kijiti cha kiberiti, akazungusha polepole. Mkwaruzo wa kamani niliusikia kwanza kwenye mifupa ya kiganja, ndipo ukafika sikioni.

Nilikuwa Tabora, nusu ya safari yangu ya kuifuata saa nyingine. Hiyo nyingine niliikuta katika sentensi moja ya shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapishwa London mwaka 1874, na naungama kwamba niliipita mara kadhaa bila kusimama. Sentensi inaeleza alasiri ya Aprili 30, 1873, kijijini kwa Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Mgonjwa amelala katika kibanda cha nyasi. Hawezi kutembea, hata kuongea ni shida. Asubuhi mwenyeji wake Chitambo amekuja kumjulia hali akaombwa arudi kesho. Alasiri anamwita Susi amletee saa kitandani. Anamwonyesha jinsi ya kuuweka mkono ili saa itulie kiganjani. Halafu anazungusha ufunguo mwenyewe, pole pole. Basi, habari ya saa imeishia hapo.

Kwa Kiswahili tunasema saa hutiwa ufunguo. Tunasema hivyo hadi leo, ingawa saa za ufunguo zilishatoweka madukani kabla babu zetu hawajazaliwa, na siku hizi husemwa zaidi kwa mtu aliyechochewa: huyu katiwa ufunguo, anazungumza maneno ya wengine. Lugha imeuweka ufunguo baada ya chombo chenyewe kupotea. Ndiyo maana nilitaka kujua mkono ule uliokuwa chini ya saa ulikuwa wa nani, na baadaye ulikwenda wapi.

Abdullah Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika Msumbiji ya leo. Livingstone alimpata huko miaka ya 1860, wakati wa safari ya serikali ya Uingereza ya kuupima mto huo, safari iliyomwachia kaburi: mkewe Mary alifia Shupanga Aprili 27, 1862. (Mstari wa mwisho Livingstone aliouandika kwa mkono wake ni wa Aprili 27, 1873. Miaka kumi na moja kamili. Mstari wenyewe unasema kwamba amechoka kabisa na ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa.) Mwaka 1866 Susi alikuwa katika msafara ulioondoka Mikindani kuelekea bara, pamoja na Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa alipokuwa bado kijana mdogo. Miaka saba baadaye wengi wa msafara ule walikuwa wamekufa, wametoroka au wamefukuzwa. Wawili hawa walikuwa wamebaki.

Kwa nini mtu anayekufa ahangaike na saa? Nimesikia wanaosema ni mazoea ya Mzungu tu. Mazoea yalikuwepo, lakini nyuma yake kuna hesabu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo dakika nne ni digrii moja ya longitudo. Msafiri akijua ni saa ngapi mahali alipo, kwa kulipima jua au nyota, na akiwa amebeba saa inayojua majira ya Greenwich, tofauti ya majira hayo mawili inamwambia yuko wapi mashariki au magharibi mwa dunia. Saa ikikosea dakika moja, huko Bangweulu ziwa linahama kilomita kama 27. Saa za namna hiyo hutembea kama siku moja na kitu kwa ufunguo mmoja. Ukisahau ikasimama, huwezi kuirudisha kwa kukisia. Greenwich imekuponyoka, na huko porini hakuna wa kumwuliza.

Yeye alikwisha kuonja adha hiyo. Januari 1867 mchukuzi aliyebeba saa za kupimia aliteleza akaanguka, zikapata mshtuko, na kuanzia hapo longitudo zake zikasogea maili kama 20 upande wa mashariki. Saa imekosea dakika moja na sekunde chache tu, na miaka sita baadaye mtu anahangaika katika maji ya Bangweulu akitafuta njia kwa ramani yake mwenyewe isiyolingana na nchi. Mvua ya masika ilikuwa haikatiki. Watu wake walimbeba mabegani kuvuka vijito vilivyofurika, kisha wakamtengenezea machela ya miti ambayo wao waliiita kitanda, na neno hilo likaingia hivyo hivyo katika kitabu cha Kiingereza: kitanda.

Tarehe nazo zilikuwa zimemponyoka. Mwanzoni mwa 1869, akiwa hoi kwa homa ya mapafu, alipoteza hesabu ya siku za juma na za mwezi. Mwandishi wa habari Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871, yeye alidai ni Novemba 10, ilhali shajara ya mwenyeji wake bado ilikuwa katika siku za mwisho za Oktoba. Wazungu wawili wamepeana mikono chini ya mwembe mmoja, kila mmoja ndani ya mwezi wake. Na aliyekuja mbio, akihema, kumwambia mzee kwamba kuna Mwingereza anakuja alikuwa Susi huyu huyu.

Turudi kwa Chitambo. Usiku ule, kwa mujibu wa kitabu, ilikuwa kama saa tano Susi alipoitwa. Kitabu kinaandika kumi na moja, na hapo nilikaa kidogo. Kwa desturi yetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama, si katikati ya giza, kwa hiyo mshale mfupi ukielekea kwenye kumi na moja sisi tunasema tano. Angalia uso wa saa yoyote: namba tunayoitamka ndiyo inayoitazama ile iliyoguswa na mshale, ng'ambo ya pili ya duara. Saa moja iliyolala katika kiganja kimoja ina masomo mawili. Aliyeshika ufunguo anasoma upande huu, na mtu wa pwani anasoma upande ule, na hakuna aliyekosea.

Mgonjwa aliuliza zile kelele za nje ni za nini. Susi akamweleza kuwa ni wanakijiji wanafukuza nyati mashambani. Baadaye akauliza kama huo ni mto Luapula, na ni siku ngapi kuufikia. Swali hilo la mwisho aliliuliza kwa Kiswahili na akajibiwa kwa Kiswahili, kwamba labda siku tatu, na mhariri aliyaweka maneno hayo kitabuni kama yalivyosemwa. Baada ya kitambo aliita tena, akataka maji ya moto na sanduku la dawa. Macho yalikuwa yamekwisha. Susi ilibidi amshikie mshumaa karibu achague chupa. Kisha akamwambia anaweza kwenda.

Kama saa kumi alfajiri kijana Majwara, aliyekuwa akilala humo, alikuja kumwamsha Susi: aje kwa Bwana, yeye anaogopa. Wakaenda watu sita. Mshumaa ulikuwa bado unawaka juu ya sanduku, umesimamishwa kwa nta yake wenyewe. Livingstone alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kati ya viganja juu ya mto wa kulalia. Mmoja akamgusa shavu, lilikuwa baridi.

Saa, ikiwa ilijazwa ufunguo alasiri ile, ilikuwa ingali ikitembea.

Kulipokucha walifungua masanduku mbele ya wote ili asije mtu akadaiwa kesho, na Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nashik huko India, akaandika orodha. Ni orodha fupi mpaka inatia aibu kwa mtu mwenye jina kama lile: pesa kama shilingi moja na nusu, kofia, saa moja, dira, vipimo katika visanduku vyake. Kati ya kofia na vipimo, saa moja. Hapo ndipo saa ya Susi inapopata karatasi yake ya kwanza, na aliyeiandikia ni kijana Mwafrika.

Huyo Wainwright ndiye pia aliyechonga maandishi kwenye mti wa mpundu, chini yake ulipozikwa moyo wa Livingstone. Mwili waliupasua, wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakiugeuza kila siku. Mti ulipokuwa hatarini kwa kuoza ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kinasema Mei 4. Jiwe la kaburi huko Westminster linasema Mei 1. Wanahistoria wamelumbana juu ya hili, nami sioni ajabu. Mhesabu siku alikuwa amelala siku kadhaa akichukuliwa kwenye machela, na wengine walikuwa na kazi ya kumbeba.

Msafara ulikubaliana Susi na Chuma wawe wakubwa wao, kwa kuwa ni wazee wa safari na wa taabu. Chitambo aliachiwa kopo kubwa la biskuti na magazeti ya Kiingereza, akitokea Mzungu mwingine aone kwamba habari ni ya kweli. Kisha wakaubeba mwili, umefungwa kwa marekani, ukatiwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Wanawake walikuwemo pia: Halima, mpishi, aliyeahidiwa na Livingstone nyumba na bustani Unguja, Ntaoeka, mke wa Chuma, na Misozi, mke wa Susi. Vitabu vya mashujaa huwaruka hao, ingawa nani alipika njia nzima si swali dogo kwa aliyewahi kusafiri na watu wengi.

Njia ilichukua miezi tisa. Upande wa kwanza, kupita magharibi ya Bangweulu na kuvuka Luapula, uliwaua baadhi yao kwa maradhi, na penye kijiji cha Chawende walipigana. Sikuweza kuifuata njia hiyo kwa miguu na sitajifanya. Kipande changu kilianzia Tabora. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, Kwihara, kwenye tembe lile lile alilokaa Livingstone na Stanley mwaka uliotangulia. Tembe lililofanyiwa ukarabati lipo, ni makumbusho. Kuta zake nene huhifadhi ubaridi hata jua la adhuhuri likiwa kali, na ukikaa barazani unaona kwa nini wapagazi waliichelewesha kila safari iliyopita hapo.

Kwihara walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada na sasa hana wa kumsaidia. Aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa. Sikuona popote kwamba waligombana. Walikataa tu, kwa upole wa watu ambao wamekwisha kuamua. Cameron aliyafungua masanduku akachukua sehemu kubwa ya vipimo vya marehemu, akaendelea navyo magharibi hadi akatokea pwani ya Atlantiki Novemba 1875. Mwili ukaja mashariki na vipimo vikaenda magharibi. Mimi mwandishi naliona jambo hilo lina uchungu wake: hao waliovibeba kutoka Bangweulu bila kupoteza hata dira walipokonywa na mtu aliyekuwa na haki ya cheo tu.

Siku chache mbele ya Kwihara, Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite. Hapo Susi na Chuma walifanya hila ninayoipenda kuliko yote. Walitangaza wameghairi, wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Wakafunga mabua ya mtama katika nguo kwa umbo la mtu, wakawapa wenzao watoke nayo hadharani kwa heshima zote za matanga. Usiku wale wenzao wakayatupa mabua porini, bua moja moja, wakatawanyika, wakarudi kwa njia tofauti. Mwili wenyewe ulishavuliwa gome na kufungwa upya ufanane na robota la nguo za biashara. Ukapita Ugogo na Usagara kama bidhaa, begani, na hakuna aliyeuliza.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Nilifika jioni, nikaenda moja kwa moja kwenye mnara wa kanisa la zamani la mapadri wa Roho Mtakatifu, ambamo mwili ulilazwa kabla ya kuvushwa. Ni mnara mfupi, mlango wake mwembamba. Watalii wanauita mnara wa Livingstone. Kijana aliyenitembeza aliijua vizuri hadithi ya maiti, na nilipomwuliza juu ya Susi alisema, "Yule mtumishi." Sikumsahihisha. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka mwaka uliopita.

Meli ya kivita ya Kiingereza iliubeba mwili hadi Unguja. Kaimu balozi mdogo wa Uingereza akawalipa watu mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Ni Wainwright peke yake, kwa gharama za wamisheni, aliyepanda meli pamoja na jeneza. Southampton, kisha London. Daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba. Aprili 18, 1874 ukazikwa Westminster. Jiwe la kaburi linaitaja mikono ya waaminifu iliyomleta kupitia nchi kavu na bahari. Halitaji jina la mwenye mkono hata mmoja.

Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha, kwa nauli iliyolipwa na rafiki wa marehemu, James Young. Huko walikalishwa na mhariri Horace Waller, mbele yao shajara na madaftari, wakaulizwa siku baada ya siku. Walitengeneza hata mfano mdogo wa kibanda cha kwa Chitambo, ili wenyeji waelewe kilivyoezekwa.

Na hapa ndipo nilipoirudia ile sentensi ya saa nikaisoma kama mtu mwingine. Livingstone hakuiandika. Kalamu yake ilisimama Aprili 27. Majwara na Chuma hawatajwi humo ndani alasiri ile. Nani alijua kwamba mkono ulihitaji kuwekwa namna fulani, na kwamba ufunguo ulizungushwa polepole? Ni mwenye mkono. Susi alikaa katika nyumba ya kigeni, mbali na Shupanga na mbali na Unguja, na miongoni mwa mambo ya siku ya mwisho aliyoona yanafaa kusemwa alichagua uzito wa saa kiganjani. Waller akaandika. Tunaposema saa ya Livingstone, tunasoma kumbukumbu ya Susi.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara. Chuma aliongoza misafara mingine, mmojawapo wa jumuiya hiyo hiyo, akafa Unguja mwaka 1882. Wainwright alifia Urambo mwaka 1892. Mwenzao Matthew Wellington aliishi mpaka 1935, mzee maarufu wa Mombasa. Susi alikwenda Kongo na Stanley, akawa mkuu wa watu wake wakati kituo cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kinaanzishwa. Mwaka 1886 alibatizwa katika misheni ya Kianglikana, akachukua jina David. Alifariki Unguja Mei 1891. Katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa wiki tano baada ya usiku ule wa Chitambo, kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa mpundu. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Nilipitia Tabora tena wakati wa kurudi, nikamkuta fundi yule. Saa ilikuwa imesimama. Hakuna aliyeitia ufunguo tangu nilipoondoka. Nikanyoosha mkono kabla hajaniambia, nikakunja vidole kidogo. Akauzungusha ufunguo mara kumi na mbili nikihesabu, kisha akatazama jua lilipo mlangoni, akausukuma mshale mfupi hadi kwenye tatu.

"Saa tisa," akasema, akafunga kifuniko.